Fatiha Chini ya Taa ya Vifuu

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na aliyenivua ni mimi mwenyewe.

(Msiende mbali. Kanzu nilikuwa nayo, tena imepigwa pasi. Nasema heshima.)

Kisa chenyewe ni taa. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma habari za mwanga wa nyumbani: jinsi taa iliyobuniwa kwa ustadi inavyokitia chumba utulivu, mtu akiingia moyo ukalainika. Nikaamini, kama msomi anavyoamini kila kilichochapishwa. Nikamtafuta fundi Kazungu wa Jilore, anayechonga vifuu vya nazi. Akanitengenezea taa ya vifuu kumi na viwili, kila kimoja kimetobolewa vitundu kwa mamia, vyote vinaning'inia kwa kamba ya makumbi. Ukiiwasha gizani, kuta zinajaa majani ya mwanga. Wallahi ni kitu cha kupendeza.

Na leo ndiyo siku niliyoitakia. Wazee wa kijana Swaleh walikuwa waja kumposea binti yangu Salma. Hawa wawili wamengoja miaka miwili hadi ami yake Swaleh, Ami Badi, akubali kuja. Na Ami Badi kesho anasafiri kwenda Maskati, harudi mpaka baada ya miezi minne. Kwa hiyo ni leo, au Salma aendelee kungoja.

Asubuhi aliniambia, "Baba, tafadhali. Leo usihutubie."

Nikamwahidi. Na sikuhutubia. Nilipamba.

Kazungu akaja saa nne, akaifunga taa darini, akaiwasha. Hakuna kilichoonekana. Jua lilikuwa limeijaza sebule kutoka madirisha yote mawili.

"Mwalimu, hii yataka giza," akasema.

"Wageni waja baada ya alasiri."

"Basi ziba jua."

Nikaliziba. Nikapigilia mashuka mazito meusi madirishani. Majani ya mwanga yakatokeza, lakini makochi yakayameza yote. Tukayatoa makochi uani. Sakafu tupu nayo ikaonekana kama ya ghala, nikatandika mikeka ukuta hadi ukuta. Udi ulikuwa umekwisha, nikafukiza ubani.

(Watu wa pwani mshajua ninakokwenda. Mimi sikujua. Nilikuwa natazama dari.)

Mke wangu Zuhura akachungulia kutoka jikoni, mikono imejaa unga wa mahamri.

"Baba Salma, mbona nyumba imekuwa hivi?"

"Hivi vipi?"

"Sijui. Yanitia huzuni."

"Huo ndio utulivu," nikamwambia. Akarudi kwa mahamri yake.

Wageni wakafika. Ami Badi mbele, wazee wawili nyuma yake, na shangazi yake Swaleh. Moshi wa ubani ulikuwa umeniingia machoni, nikawapokea nikifuta machozi kwa leso. Ami Badi akasimama kizingitini. Akatazama makochi uani. Akatazama ndani. Tabasamu alilokuja nalo likazimika. Akanikumbatia, akaniganda kifuani kwa muda mrefu.

Nikasema moyoni: taa imefanya kazi!

Shangazi akavuta ushungi wake, akapitiliza ndani kwa wanawake. Wanaume wakaketi mikekani. Hakuna aliyeuliza habari za watoto wala za mvua. Kisha Ami Badi akainua mikono.

"Al-Fatiha."

Lo! Kabla ya chai? Kwetu posa hufungwa kwa Fatiha, ndiyo, lakini kwanza yatangulie maneno, na wazee wabishane kidogo kwa adabu. Huyu ameruka yote! Mtu aliyekataa miaka miwili! Nikainua mikono, nikasoma, nikaitikia "Amin" kwa sauti ya mtu aliyepata mkwe. Na nikatabasamu. (Naambiwa wazee walinisamehe tabasamu hilo. Walidhani ni mshtuko.)

Ami Badi akainuka. "Mwalimu, sisi tutawapisha. Lile letu litangoja. Mie kesho ni msafiri, lakini nikirudi, na arubaini imepita, inshallah tutazungumza."

"Arubaini ya nani, Ami?"

Akanishika bega kwa huruma. "Ya mama, ndugu yangu. Tulisikia aliugua mwezi uliopita."

Hapo ndipo nilipoiona sebule yangu. Makochi nje. Mikeka chini. Madirisha yamezibwa. Ubani. Kwetu nyumba hupangwa hivi siku moja tu, nayo ni siku ya maziko. Nilikuwa nimeitikia dua ya kumrehemu mama yangu mzazi, kwa furaha, na yeye yuko chumba cha pili anatafuna tambuu!

Nikafungua kinywa. Kabla neno halijatoka, chumba cha pili kikapasuka kwa ukelele wa shangazi.

Pazia likasukumwa. Mama yangu, Bi Rukia, akatokeza na mkongojo wake, majani ya mwanga yakimtambaa usoni. Mzee mmoja akatoka mbio bila viatu.

"Nani kafa humu?" akauliza mama.

Macho yote yakamgeukia Ami Badi.

"Namuuliza aliyesoma."

"Shikamoo, Bi Rukia," akasema Ami Badi, sauti imekuwa nyembamba.

"Marahaba. Wanisomea mimi?"

"Twakutaka radhi, Bi. Tuliona nyumba..."

"Nami naiona." Akauinua mkongojo, akauelekeza darini. "Na hili dude?"

"Ni taa, mama. Ya kisanii."

"Yamulika nini?"

Nikaitazama dari. (Shahada mbili, na ndilo nililoweza.)

Ami Badi alikuwa akiomba radhi huku akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Aibu ilikuwa inamsukuma. Nyuma ya pazia nikamwona Salma, mkono mdomoni, macho yamejaa. Miaka yake miwili ilikuwa inatoka kwa mlango ule.

"Ami, usiende," nikasema. "Hakuna msiba. Kosa ni langu. Nilitaka muione taa."

"Taa?"

"Taa."

"Ukatoa makochi yote nje, ili tuione taa?"

"Na nikaziba madirisha. Mchana haionekani."

Nimewahi kusimama mbele ya kumbi za watu mia tatu. Sijapata kutazamwa namna ile.

Mama ndiye aliyetuokoa. "Haya, nendeni uani, makochi yako huko," akasema. "Ile Fatiha ya kwanza niwekeeni, iko siku nitaihitaji. Sasa someni ya mjukuu wangu."

Ami Badi akaanza kama anayekohoa. Kumbe ni kicheko. Akacheka hadi kofia ikamdondoka. Tukaketi uani juani, yule mzee akafuatwa barabarani, akapelekewa viatu vyake, na posa ikasemwa neno kwa neno. Salma alipoulizwa hakujifanya ana haya. Akasema "Ndiyo" kabla swali halijakwisha. Fatiha ikasomwa ya pili, na safari hii "Amin" yangu ilikuwa ndogo sana.

Lakini yule mzee wa mbio alikuwa ameshapita kwa majirani na habari ya msiba. Kabla mahamri hayajapoa, wanawake wa mtaa wetu wa Barani walikuwa mlangoni, vichwa vimefungwa leso, sukari ya matanga mkononi. Ndugu yangu Abdalla, dereva wa lori, akapiga simu kutoka Mariakani akilia kwa kwikwi. Mama akaipokea. "Ni mie, Abdalla." Simu ikakatika. Mpaka sasa haijapatikana.

Salma amekuja kuniketia karibu. "Taa ni nzuri, baba," ameniambia. "Kweli ni nzuri. Harusini tu usije nayo."

Basi jamani, mkinikuta njiani kesho, nisalimieni kama kawaida. Pole nimeshapewa za kutosha.