Kiti cha Kuvizia Nguruwe wa Shangazi

"Wananchi wote mnatangaziwa kwamba nguruwe mwitu ameingia katika makazi ya watu, ameshambulia matuta ya viazi vitamu ya raia mwema, na kuanzia sasa tutaishi katika hali ya tahadhari hadi taarifa nyingine itakapotolewa."

Tangazo hili zito lilitolewa na Mstaafu, ambaye alikuwa karani wa masijala kabla ya kuwa mzee wa kijiwe chetu. Alilitoa akiwa amesimama juu ya ndoo tupu ya rangi iliyopinduliwa. Alipofika kwenye "taarifa nyingine," ndoo ikapasuka kitako na mguu wake ukazama mpaka gotini. Taarifa nyingine ikatolewa papo hapo, lakini haiandikiki.

Kijiwe chetu kipo mbele ya karakana ya Fundi Cheche, mchomeleaji wa mageti na madirisha. Tunakaa kwenye benchi lake la chuma. Mkono wa kushoto kuna Wembe, kinyozi, ambaye husimulia kwa mikono yote miwili hata kama mkono mmoja uko shingoni mwa mteja. Nyuma ya karakana, ng'ambo ya uzio wa mabati, ndiko kwa shangazi yangu, fundi cherehani, mwenye matuta yaliyoshambuliwa. Mimi naitwa Bweni, kwa kuwa nasoma shule ya bweni na niko likizo nyumbani kwake. Nilikubaliwa kijiweni kwa sababu najua maneno magumu na sijui kukataa kutumwa.

Moto wenyewe uliwashwa na redio ya Wembe. Asubuhi ileile ya tangazo ilisema kwamba siku hizi wawindaji wa wanyama waharibifu wana viti vya kubebeka: miguu mirefu ya chuma, ngazi, na kiti huko juu. Mtu hupanda, hunyamaza, harufu yake hupita juu ya pua ya mnyama, na mnyama hujileta mwenyewe. Kazi ikiisha, kiti hukunjwa na kubebwa begani.

"Yaani huyo anaitwa mwindaji kwa kukaa," alisema Wembe. "Mimi nasimama kutwa nzima juu ya vichwa vya watu na hakuna aliyewahi kuniita mwindaji."

"Wewe huwindi," alisema Cheche. "Wewe unajeruhi."

Mstaafu alikuwa akikanda goti. Alitukumbusha kwamba kukaa juu si kazi ya mzaha, yeye amekaa juu maisha yake yote ya utumishi. Wembe akamkumbusha naye kwamba alikaa ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na choo.

Aliyebadili mazungumzo yakawa kazi ni Bwana Bonde, mkulima wa mahindi huko bondeni, aliyekuwa kwenye kiti cha Wembe amenyolewa nusu. Nguruwe wa kwake, alisema, si wa kutangaziwa. Wamekula mahindi mpaka wanachagua. Akamgeukia Cheche. Kama fundi angeweza kumtengenezea kiti cha namna ile, yeye angekuja kukipanda, na akiona huko juu kitu asichoweza kukiona akiwa chini, angekinunua kiti hicho, na wenzake wote wa bondeni wangeagiza vyao.

Inabidi mjue hali ya Cheche. Watu siku hizi hununua mageti yaliyotengenezwa tayari, yanashushwa kwenye lori kama mikate. Kwa wiki nyingi Cheche alikuwa akiwasha mashine yake ili tu isimsahau. Sasa kazi imempitia mbele ya uso, naye hana hata kipande cha chuma. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akatazama chini, kwenye benchi tulilokalia. Tuliyafuata macho yake. Tukasimama mmoja mmoja, bila kuambiwa, kama watu waliofika msibani.

"Tutakaa wapi?" aliuliza Wembe.

"Juu," alisema Cheche, akavaa miwani yake ya kazi.

Wakati benchi linakatwa, kamati ya kijiwe ilikwenda kwa shangazi kukagua. Shangazi alituonyesha tuta lililofukuliwa, na alama za kwato uani mpaka karibu na mlango wa jikoni, mlango ambao tangu hapo alikuwa ameufunga kwa komeo na kuuegemezea kinu. Niliombwa utaalamu, kwa kuwa nimesoma biolojia. Nikachutama, nikapima kina cha alama kwa kidole, nikasema kwamba huyu ni dume, mtu mzima, na kwa jinsi anavyokanyaga ana mawazo. Mstaafu alitikisa kichwa kwa huzuni, kama anayemfahamu. Kisha akaamuru kwamba hakuna mtu kufagia wala kukanyaga ua ule, kwa kuwa alama ni ushahidi. Niliunga mkono hoja hiyo kwa sauti kubwa. Mpaka leo sijui nilikuwa nafikiria nini.

Kiti kilipokamilika kilikuwa kirefu kupita paa la karakana. Kilikuwa na miguu mitatu iliyotanuka, bawaba kila mahali, na kipande cha bomba mbele cha kuegemezea viwiko. Cheche alikisimamisha kando ya uzio, akakitikisa kama mtu anayemwamsha mtoto. Hakikulia hata kidogo.

Wembe alipanda wa kwanza. Alipofika juu sauti yake ilibadilika.

"Nyie huko chini," alisema.

Tulitazamana. Hatujawahi kuwa "nyie huko chini." Akatazama vilima vya mbali, akadai anaona msitu unatikisika, na kwamba mambo ambayo yeye sasa anayaona, sisi hatuwezi kuyaelewa hata akituambia. Ilibidi aitwe na mteja ndipo ashuke. Mstaafu yeye alipanda kwa muda mrefu, akakaa kwa muda mrefu zaidi, akataka kimya, kisha akaagiza chai. Akasema anaona mpaka wa wilaya. Nguruwe hakumwona, lakini alisema hilo ni suala la watu wa ngazi ya chini.

Kisha akaja Bwana Bonde mwenyewe. Alipanda kama mtu wa shamba, bila maneno, akazungusha macho pande zote.

"Naona vichaka," alisema.

"Vizuri, eti?" aliuliza Cheche.

"Hata nikiwa chini naona vichaka, fundi."

Akashuka. Cheche alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa, na mikono ilikuwa safi tangu asubuhi. Nilimwonea huruma, nikaamua kumsaidia. Nikamweleza Bwana Bonde kwamba nguruwe ni mnyama mwenye haya, kwamba huhisi anapotazamwa, kwamba wataalamu wanapendekeza subira, na kwamba yeye akirudi siku nyingine, jioni, bila shaka atamwona. Nilikuwa bado naeleza shangazi alipotokea, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"Viazi ni vyangu," alisema. "Mbona mimi sijapanda?"

Mstaafu akaanza kueleza masuala ya umri na usalama wa ngazi. Shangazi akamwuliza kama ndoo nayo ilikuwa na masuala ya usalama. Akafunga pindo la gauni, akapanda.

Wote waliotangulia walikuwa wametazama mbali. Shangazi akatazama chini, uani kwake. Alitazama hivyo mpaka Wembe akaacha mteja na kutoka nje kuona kuna nini.

"Bwana Bonde," alisema shangazi kutoka juu, "nguruwe ana miguu mingapi?"

"Minne, mama."

"Wote?"

"Wote niliowahi kukutana nao."

"Wangu ana miwili."

Chini tulikuwa tumeona kwato moja moja. Yeye kule juu alikuwa anauona mwendo.

"Ni kama mshono," aliendelea. "Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Ametoka mlango wangu wa jikoni, amekwenda mpaka tutani, amerudi kwenye mlango wa jikoni. Akaingia ndani. Na kutoka sioni kama ametoka."

"Kwa hiyo bado yumo?" aliuliza Wembe, akageuka kufuata wembe mkubwa.

"Rudi, baba. Hayumo ndani. Amesimama hapo kwenye ngazi, anawafundisha tabia za nguruwe."

Nilitaka kusema kwamba katika sayansi alama pekee hazitoshi. Nilifungua mdomo. Maneno magumu yote yaliyonifikisha kijiweni yalikuwa yameondoka bila kuaga.

Bwana Bonde alinitazama kuanzia miguuni, kwa utaratibu. Kisha akamgeukia Cheche. "Mama akishuka, kikunje. Nakichukua. Na wenzangu nitawaleta kesho. Kama kinawanasa mpaka wa miguu miwili, hawa wangu wa minne watapona wapi?"

Cheche aliuwekea mkono mguu mmoja wa kiti, akauacha hapo.

"Bweni," aliita shangazi. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Kwa nini hukuniomba?"

Nikakiri. Nikasema viazi nilivichimba mchana yeye akiwa cherehanini, nikavichoma nyuma ya karakana, nikavila vyote, hata vilivyoungua. Nikasema bwenini anayeomba chakula hupewa jina kabla ya chakula, na jina ndilo hubaki, kwa hiyo nimezoea kuchukua. Nguruwe nilimtengeneza ili anitetee siku moja tu. Lakini Wembe akapata habari, Mstaafu akapata madaraka, Cheche akapata kazi, nami nikaona haya kumuua mnyama aliyewafaa watu wazima kiasi kile.

Mstaafu alikohoa. Wembe akasema, kwa haki, kwamba kazi ya zile kwato ilikuwa nzuri.

"Enhe, kwato," alisema shangazi, akaanza kushuka, kipandio baada ya kipandio. "Ulizipata wapi?"

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Nilimngoja.

"Nilizichonga kwenye soli za ndala, shangazi."

"Ndala zipi?"

Alikuwa amekaribia kabisa kugusa ardhi.

"Zile zako mpya."