Vita vya Mulinge na Utosi Wake

Sogeeni, enyi mnaolima maharagwe katika ukungu wa Nunguni, nanyi mnaouza maembe Tawa, nanyi mnaokalia viti vya ofisi kule Wote! Tueni majembe, zimeni redio, fungeni mbuzi wenu, kwa maana leo yanasimuliwa mambo makuu, ambayo mataifa hayakuyatetemekea hata kidogo, kwa kuwa hakuna aliyeyaambia.

Alikuwapo kule Nunguni Mulinge wa Mbuvi, jemadari wa kwaya, mshika fimbo, mtuliza soprano na mtikisa besi, mtu ambaye akiinua mkono kanisa zima huvuta pumzi pamoja. Adui yake hakumkabili kwa mbele kiungwana. Alimpandia kwa nyuma, polepole kama mchwa, akauteka utosi wote, akaacha uwanja mtupu unaong'aa, usio jani wala kijiti. Na kwa kuwa mwongoza kwaya huwapa waumini kisogo, kila Jumapili watu wa Mungu waliketi wakitazamana na kipara hicho, wakakijua vyema kuliko walivyozijua Zaburi.

Hata hivyo amani ilidumu, mpaka siku video ya ibada ilipotumwa katika kundi la WhatsApp la kanisa. Ndipo Ndolo, mwimbaji wa besi, ambaye Mola kwa sababu zake mwenyewe alimjalia nywele nene kama kichaka, akaandika chini yake: "Bwana asifiwe. Mwezi mpevu umetokea madhabahuni."

Waumini wakaweka vicheko. Hata mchungaji akaweka kimoja, kisha akakifuta.

Tangu siku hiyo Mulinge akaongoza kwaya ubavu ubavu, ili utosi usionekane na benchi lolote. Waimbaji wa kulia wakauona mkono wake. Wa kushoto wakakiona kiwiko. Soprano walifika mbinguni na kuketi, ilhali besi wangali Babeli wakitafuta njia. Na mashindano ya kwaya kule Wote yalikuwa yamebakiza miezi michache tu.

Basi shujaa akaivuta kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, akashuka Wote, akaingia katika duka la mafuta na vipodozi la Yvonne, mtoto wa dada yake.

"Ewe binti wa dada yangu!" akanguruma. "Sikuteremka milima kwa ajili ya salamu, wala sikuja kutafuta chai. Nimedhihakiwa mbele ya taifa. Nipe silaha!"

"Anko, toa kofia kwanza nione," akasema Yvonne.

Akaitoa. Mteja mmoja aliyekuwa akinusa losheni akageukia ukutani kwa heshima.

Yvonne akatwaa kichupa chenye maji ya samawati. "Hii ni seramu ya peptidi za shaba. Ni vipande vidogo vya protini vimeshikana na shaba. Inasaidia ngozi ya kichwa, na nywele dhaifu huenda zikapata nguvu kidogo. Lakini anko, sitakudanganya. Shina likishakufa limekufa. Zile zinasinzia tu ndizo zinaweza kuamka. Itachukua miezi. Na usichanganye na ndimu ama kitu kingine kikali."

"Miezi!" akalia Mulinge. "Kuta za Yeriko zilianguka kwa siku saba!"

"Yeriko haikuwa na kipara, anko."

Majemadari wote wakuu wana kasoro moja, nayo ni kudhani kwamba majeshi mawili hushinda jeshi moja. Mulinge alipofika nyumbani akapaka seramu kama apakaye ukuta chokaa, kisha, kwa hekima iliyotoka kwake mwenyewe bila msaada wa mtu, akaikamulia ndimu juu yake.

Kichwa kikawaka. Akazunguka boma mbio, kuku wakitawanyika mbele yake kama Wafilisti. Mkewe Kavindu alitoka jikoni akamkuta ameinamia ndoo ya maji, utosi mwekundu, michirizi ya samawati ikimtiririka shingoni.

"Baba Mutanu, umejikaanga?"

Ngozi ikambambuka kama kiazi kilichochomwa. Jumapili hiyo hakwenda kanisani. Akaketi kitandani, akatangaza kung'atuka. "Mwiteni Ndolo! Na aichukue fimbo, aongoze, yeye aliyebarikiwa kichwani. Mimi nitaketi nyuma kabisa, karibu na mlango, nihesabike miongoni mwa wazee."

Maneno yalikuwa makubwa, lakini alipoyamaliza akaisukuma fimbo chini ya kitanda. Kavindu akaona kwamba mumewe hakuwa akitania. Mtu huyu hakuwahi kujivunia shamba wala ng'ombe. Alijivunia kwaya tu.

"Ndolo?" akasema. "Ndolo anaimba beti ya pili tukiwa ya kwanza. Leta hiyo chupa. Utosi wako huuoni, na mikono yako haina subira."

Ngozi ilipopona, kila asubuhi Mulinge akaketi kwenye kigoda uani, naye Kavindu akadondosha matone machache na kuyasugua taratibu kwa ncha za vidole. Mwanzoni walizungumza juu ya nywele. Baadaye wakazungumza juu ya mtoto wao Mutanu aliye chuoni, na mvua, na wimbo gani upelekwe Wote. Na asubuhi nyingine hawakusema kitu, naye jemadari alifumba macho akasahau kabisa kilichomketisha pale. Ndolo akipita njiani hakukosa neno: "Mwalimu, kama ni shaba unatafuta, kwa transfoma iko tele!"

Miezi ikapita. Kisha asubuhi moja, wiki ya mashindano, vidole vya Kavindu vikasimama.

"Usitikisike," akanong'ona. "Kuna kitu."

Ndolo, aliyekuja kuazima wilibaro, akaitwa kuwa shahidi. Akavaa miwani ya kusomea, akainama juu ya uwanja wa vita, akatazama kwa muda mrefu kama hakimu.

"Mwalimu, pole. Hiyo ni uzi ya kofia."

"Ni unywele!" akasema Kavindu.

"Ni uzi, mama. Ona." Akaushika kwa kucha mbili, akavuta.

"UUUWI!" akalia Mulinge, akaruka kutoka kigodani. Kisha akatia mkono utosini, uso ukimkunjuka taratibu kama mawingu yaachanayo. "Imeuma," akasema. "Ndolo, imeuma! Uzi hauumi!"

Ndolo akautazama unywele ule uliojikunja kuchani mwake, mweusi, mfupi, ukiwa na kishina cheupe. Akauma mdomo. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "ulikuwa unywele. Nisamehe. Nimeung'oa."

"Ulikuwa!" akafoka Mulinge kwa furaha. "Umesikia, Mama Mutanu? Amekiri! Ulikuwa!"

Jumamosi, mbele ya makanisa yote ya kaunti, Mulinge wa Mbuvi alivua kofia, akawapa watu kisogo chake chote, kitupu kama kilivyokuwa tangu awali, akainua fimbo. Soprano na besi wakaondoka pamoja, wakapita Babeli pamoja, wakafika mbinguni kwa pumzi moja. Wakawa wa nne. Nao wa Nunguni wasimulie hata vizazi vijavyo kwamba katika siku zao uliota unywele mmoja, ukaishi kwa heshima, ukafa shahidi mikononi mwa besi, na ukauma.