Majibu Mazuri ya Mtaa Wetu

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu anafanya utafiti mtaani kwetu! Mitaa yote iliyopo, kachagua wa mama yake! Shajara, salamu utapata baadaye. Anachunguza kama watu wanaweza kupanga miadi ya zahanati kwa simu, maana wakubwa wanataka kulifunga dirisha la mapokezi, kila kitu kihamie mtandaoni. Akimaliza ni shahada ya uzamili. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kichwa kile kakitoa wapi kama si kwangu?

Kaacha dodoso mezani akaenda kuoga. Maswali kumi na manane. Nimenakili yote. Mkono unauma.

Jumanne, 4 Machi

Nimewaita wanawake wa mtaa sebuleni. Thelathini na mmoja! Wengine wamekalia mikono ya kochi langu, nikanyamaza kwa ajili ya elimu. Nikawatangazia kwamba maswali ninayo. Jirani wa kona akauliza kama huko si kudanganya. Nikamwambia ni kusaidia. Jibu la swali la saba nimelitunga mwenyewe: napanga miadi kwa dakika tatu, bila shida yoyote, ahsante kwa kuuliza. Tumelirudia mpaka bibi wa nyumba ya mwisho akalisema bila kukwama. Simu hana.

Fundi cherehani hakuja. Katuma neno kwamba akiulizwa atasema anachokijua. Jeuri! Tangu aliponishonea lile gauni la kunibana sijamsamehe, na sasa anataka kuaibisha mtaa.

Alhamisi, 6 Machi

Binti kapita nyumba kwa nyumba na kishikwambi chake. Nikamfuata kwa nyuma, najifanya natafuta kuku. Kuku sina. Kila mlango dakika tatu, kila mlango ahsante. Raha iliyoje! Bibi akaongeza kwa hiari yake kwamba yeye hutumia dakika mbili. Nikamkonyeza aache. Hakuona.

Kwa fundi kakaa saa nzima. Wanaongea nini saa nzima?

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwisha.

Binti hakugusa chai. Kaniuliza kwa upole, na upole wa mtoto yule naujua, imekuwaje watu thelathini watumie dakika tatu zilezile, bibi mbili, na wote wamshukuru kwa kuuliza. Nikasema mtaa wetu una adabu. Akasema leo asubuhi kawakuta tisa kati yao kwenye foleni ya dirishani. Kisha akanigeuzia kishikwambi nisome. Kwa majibu yale, dirisha halina kazi. Lifungwe.

Dirisha langu! Kila mwezi nasimama pale kwa dawa za presha. Simu nimejaribu, kila nikibonyeza inaniambia nianze upya.

Nikaungama. Mtoto akalia kimyakimya huku anafuta majibu, moja moja. Nilitamani ardhi inimeze. Msimamizi wake wa chuo kampa mpaka mwisho wa mwezi arudie kazi, la sivyo shahada mwakani.

Limebaki jibu moja tu. La fundi! Eti kasimulia anavyoomba mtu wa njiani ambonyezee simu, na mtu wa njiani akaujua ugonjwa wake. Binti anasema hayo ndiyo wakubwa wanapaswa kuyasoma. Akanishika mikono: mama, nakuomba, safari hii usimsaidie mtu. Nikaapa.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbili nazunguka mtaa nikiwaza. Nikipita kwa fundi namsikia anashona huku anaimba. Anaimba!

Nimelitafakari kosa langu na nimelipata. Majibu yalikuwa mazuri mno. Watafiti wanataka shida, na shida tunazo! Nimetunga upya. Swali la saba: kwanza mtu ashushe pumzi, kisha aseme simu inamtesa. Chozi likitoka lisifutwe. Wote kwa maneno yaleyale, nisije nikaaibishwa na wanaojisemea ovyo.

Jirani wa kona kanikumbusha kiapo. Nikamjibu niliapa kutomsaidia mtu, hawa ni thelathini na mmoja.

Hata fundi nimempelekea habari. Aje naye, ajifunze kulisema vizuri lile jibu lake.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, sebuleni kwangu. Wote.