Kamanda na Karanga Zilizopona Zote

Benchi lililo mbele ya kibanda changu cha kinyozi nililinunua kwa ajili ya wateja. Mpaka leo mteja hajalikalia. Wanalikalia watu wanaonyoana wenyewe majumbani kwao kwa wembe wa kuazimana, halafu wanakuja kwangu kupunga upepo na kukicheka kipara changu. Eti kinyozi asiye na nywele ni sawa na mpishi anayeshinda njaa. Nimewazoea, lakini sijawasamehe.

Asubuhi hiyo walikuwa wanne. Spana, fundi baiskeli, alikuwa amepindua baiskeli ya watu magurudumu juu, mlangoni kwangu kabisa. Profesa, ambaye hajawahi kumfundisha mtu kitu isipokuwa ubishi, alikuwa amekunja nne. Kamanda, mlinzi wa zamu ya usiku kituo cha utafiti wa mbegu, alikuwa ametoka kazini na buti zake zimejaa matope. Na Bi Karai, mkaanga karanga, alikuwa amesimama na mfuko wa karanga mbichi kichwani. Huyo hakai, anasema akikaa tu wateja wanadhani amefunga.

Redio ya Spana ndiyo iliyowasha moto. Mtangazaji alisema kituo cha utafiti kimepata ushindi mkubwa: aina zote za karanga zilizojaribiwa msimu huu zimeshinda ugonjwa wa madoa ya majani. Hata moja haikuugua. Wakulima wakae mkao wa kula, mbegu zinakuja, na dawa ya kupuliza sasa basi.

"Mmesikia?" Spana akapunga pampu hewani. "Zote! Hata mtihani wa darasa la kwanza hawafaulu wote!"

"Hiyo ndiyo sayansi," Profesa akajikohoza. "Wewe hujui wanavyofanya. Karanga wanaziozesha. Ua la karanga hujioa lenyewe, halina haja ya mgeni. Sasa jioni wanakwenda na kikoleo kidogo, wanaling'oa uanaume wake wote. Asubuhi wanaliletea bwana mwingine, mwenye afya."

"Bila kumuuliza?"

"Unauliza ua?"

"Basi mimi siwezi kuwa karanga," Spana akasema, akabana miguu. "Yaani nalala mzima, naamka mke wangu ana mgeni!"

"Wewe hata bila kikoleo umeshakwisha," nikamwambia. Wakacheka. Siku nyingine na mimi nawapata.

Bi Karai hakucheka. Alikuwa ameshusha mfuko, ameuweka juu ya benchi langu kama wa kwake.

"Zimepona zote kweli?"

"Redio inaweza kusema uongo?" Profesa akamjibu.

"Maana mimi msimu uliopita nililima, jamani. Mnajua wenyewe. Zilianza vidoa vidogo tu, nikasema vumbi. Kufumba na kufumbua majani yote chini, vimebaki vijiti. Nilipong'oa, shina zima lina maganda mawili, moja limesinyaa. Nililia kule shambani, sikumwambia mtu." Akaugonga mfuko. "Hii ndiyo mbegu niliyobakiza. Nilikuwa naitunza kwa ajili ya mvua hizi. Sasa ya nini? Naenda kuikaanga yote leo, niuze, nisubiri hizo mpya."

"Hapo umesema," Spana akamuunga mkono.

Ndipo Kamanda alipoanza kucheka. Alicheka peke yake, taratibu, huku ameinamia buti zake.

"Wanasayansi," akasema. "Eti wanasayansi! Ushindi wote huo ni wangu."

"Wako wewe?"

"Mimi hapa. Mnaona watu wanalala, mimi nafanya kazi." Akaangaza huku na huku, akashusha sauti. "Pale kituoni kuna husuda. Nimeiona kwa macho yangu. Daktari, yule binti mwenye shamba la majaribio, ni mtoto mpole, anapenda kazi. Sasa wale wasaidizi wake, jua likizama, wanapita na magunia ya majani makavu, yale yenye ugonjwa, wanayamwaga juu ya karanga zake. Halafu wanamwagia maji juu yake, ili yashike vizuri! Nikasema, hawa wanamloga bosi wao."

"Wanga hao!" Spana akaacha tairi.

"Na kuna mistari mingine, katikati ya kila kundi, imekauka mpaka inatia huruma. Hakuna anayeigusa. Wanapita, wanaiangalia, wanaandika, wanaondoka. Mimi nimezaliwa shambani, siwezi kuona mmea unakufa hivyo nikanyamaza. Stoo si nailinda mimi? Ufunguo si ninao? Nikachukua bomba, nikachukua dawa ya ukungu, nikapuliza shamba zima. Sikumbagua hata mmoja. Kila nikiwa zamu, napuliza. Leo mnasikia redioni!"

Akakunja mikono kifuani akisubiri pongezi. Profesa alikuwa tayari anampa mkono, lakini Spana akamzuia.

"Kamanda, ngoja. Hazikuugua kwa sababu ulipuliza dawa?"

"Kwani unadhani kwa maombi?"

"Na mbegu zenyewe?"

"Mbegu ni za kawaida tu, ndugu yangu. Bila mimi zingekwisha."

Bi Karai akauinua mfuko wake kutoka kwenye benchi, akaukumbatia kwa mikono miwili.

"Mimi nilikuwa nakwenda kuikaanga hii," akasema. "Ningepanda hizo, nisipulize dawa, kwa sababu redio imesema. Zingekufa zote. Na hii ningekuwa nimeshaikaanga. Ningebaki na nini, Kamanda?"

Kamanda akavua kofia ya sare, akaanza kuikunja.

"Mpigie huyo binti," Bi Karai akasema.

"Nitafukuzwa, dada yangu. Kwa umri huu nani ataniajiri?"

"Watu wangapi wamesikia hiyo redio? Mpigie."

Alipiga. Spana akamnyang'anya simu akaweka sauti kubwa, ustaarabu hana.

"Shikamoo, daktari," Kamanda akaanza. Binti mwenyewe sawa na kitinda mimba wake.

Akaeleza yote, huku anajifuta jasho kwa kofia ya sare.

"Na ile mistari ya katikati, iliyokauka?" daktari akauliza upande wa pili.

"Hiyo ndiyo nilianza nayo, daktari. Ilikuwa na hali mbaya."

"Kamanda, ile niliipanda iugue! Ndiyo kazi yake, kuambukiza wenzake. Na majani niliagiza mimi yamwagwe. Ninataka ugonjwa uwafikie wote, nione nani atabaki kijani katikati ya wagonjwa. Huyo ndiye ninayemtafuta."

"Kumbe si wanga?"

"Ni waajiriwa!" Akashusha pumzi. "Nimekosa usingizi, Kamanda. Niliwaambia wakubwa wasitangaze, haiwezekani karanga zipone zote, hawakunisikia. Leo hii nawapigia redio. Wewe ufunguo wa stoo utaurudisha, na hilo la dawa utalieleza kwa barua."

"Na kazi?"

"Kazi utabaki nayo, nitakusemea. Lakini umeniweka pabaya. Mvua zinaanza, natakiwa nipande upya, na kituo kizima sina jani hata moja lenye madoa. Umeua ugonjwa wote!"

"Jamani," Profesa akanong'ona, "watu wanatafuta ugonjwa kama wanavyotafuta kazi."

Bi Karai akaichukua ile simu mkononi mwa Spana.

"Mwanangu, mimi hunijui. Nakaanga karanga. Ugonjwa unaoutaka upo kwangu, shamba zima. Mashina bado yamelala palepale yalipokufa, sikuwa na moyo wa kwenda kuyaondoa. Dawa haijawahi kugusa hapo, sikuweza kuinunua. Njoo uchukue majani, au njoo na hizo mbegu zako uzipande hapohapo. Zitakazokufa, zife. Ila itakayobaki na majani pale kwangu, mkulima wa kwanza kupewa ni mimi."

"Mama, naweza kuja kesho asubuhi?"

"Njoo. Ila mlinzi wako mwache hukohuko. Ana huruma huyu, atautibu."

Tulicheka mpaka baiskeli ya watu ikaanguka. Bi Karai alijitwisha mfuko wake, akageuka kurudi nyumbani badala ya sokoni. Kamanda alibaki amesimama na kofia mkononi.

"Bi Karai," akamwita. "Shamba lako lilipokuwa linaugua, mbona hukuniambia? Ningekuja."

Bi Karai alisimama. Alimtazama kuanzia kofia mpaka buti, na nadhani kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitabasamu.

"Ningejua una ufunguo wa stoo, Kamanda, ningekuposa mwenyewe."