Steringi wa Kaseti ya Pili

Jumatano, 3 Juni 1992
Nimelificha hili barazani, lakini daktari ameanza kunitazama kwa huruma, basi niandike: filamu ya majambazi ninayowachambulia wazee wa Majengo sijaimaliza. Niliona kaseti ya kwanza tu. Ya pili ilipoingia kwenye deki, kifua kikanibana, nikabebwa mzobemzobe hadi hospitali. Tangu nitoke naichambua yote. Kwa ufasaha! Kamera imewekwa chini ili jambazi aonekane mrefu kama mnara. Akidanganya, nusu ya uso wake iko gizani. Wazee wanasahau kahawa mkononi. Leo nikahitimisha: jambazi ndiye steringi, na steringi hafi. Mansukh, aliyeendesha mitambo ya sinema mjini hapa tangu ujana wetu, akacheka hadi akapaliwa. Akasema, “Anakufa yule, Mwalimu. Tena vibaya!” Nikamwambia hajui sanaa. Ikaamuliwa irudiwe Jumamosi, kwenye kibanda cha video cha Abdulrazaki, baraza zima lishuhudie. Nimejiponza.

Alhamisi, 4 Juni
Wazo! Kaseti zimebandikwa karatasi, moja na mbili. Nikizibadilisha, kifo kitatangulia na filamu itaishia kwenye ile harusi ya kaseti ya kwanza, jambazi akicheza. Nani atasema amekufa?
Stara, mke wangu, kanikataza kutoka na upepo huu. Nikasema nafuata dawa ya kikohozi. Kibandani nikamwomba Abdulrazaki maji ya kunywa, ya moto. Akaenda kuchemsha, maskini. Karatasi moja ikagoma kushika. Nikaibandika kwa tende.

Jumamosi, 6 Juni
Kibanda kimefurika. Filamu ikaanzia katikati ya mambo. Watu wakaulizana huyu nani, yule kamkosea nini. Nikawatuliza: ni mbinu.
Kisha jambazi akafa. Sikuwa tayari. Kamera iliyokuwa chini yake sasa iko darini. Huku chini kuna mtu mdogo na kofia yake. Muziki hakuna. Feni tu, inazunguka. Nikashika mkono wa jirani. Alikuwa Mansukh.
Zogo! Steringi gani huyu? Nikasimama, nikatangaza kwamba mtunzi kavunja wakati makusudi. Kaseti nyingine ikaingia, na jambazi huyo hapo, mzima, anakula wali! Vigelegele. Harusi, taa, ngoma, mwisho. Ushindi! Wote wakamgeukia Mansukh. Akajikuna kidevu, akasema Mwalimu kanena kweli, yeye amezeeka, amesahau.

Jumapili, 7 Juni
Mansukh kaja na gathia za moto, vile vitafunio vya unga wa dengu. Stara akamwita shemeji, akaenda kupika chai. Ndipo Mansukh akaniambia kuwa mwisho wa filamu anaujua hata akifumba macho, na kwamba kaseti ya Abdulrazaki ina sisimizi. Nikauliza mbona alininyamazia. Akasema, “Ulinishika mkono, kaka, kama mtoto anayevushwa barabara.” Akapendekeza tuitazame tena kwa mpangilio wake, sisi wawili tu, yeye atakaa karibu. Nikakataa. Nikasema kisanaa mpangilio wangu ni bora. Akasema, “Haya, Mwalimu,” akanisogezea sahani.

Jumatatu, 8 Juni
Imeletwa filamu mpya ya majambazi. Nimeshawaahidi barazani uchambuzi kamili. Sijaiona. Kaseti mbili tena! Asubuhi nimemtumia Abdulrazaki salamu kwamba ya pili imeota ukungu, asithubutu kuitia kwenye deki. Hakusadiki. Basi nitakwenda mwenyewe.
Stara kanikuta navaa koti. Akasema, “Baba Nasri, hizo kaseti za pili zimekukosea nini?” Nikamweleza habari za kamera, mwanga na kimya kabla ya risasi. Nikaeleza kwa kirefu. Akasubiri hadi pumzi zikaniishia. Akauliza tena, polepole, huku akinifunga vifungo.
Nikamwambia sitaki kufa.