Malalamiko Kuhusu Kufuli la Suruali na Mizizi ya Mfumo Wenu

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya Kutengeneza Kompyuta,
Makao Makuu.

Mheshimiwa,

KUHUSU: HASARA ILIYOMPATA FUNDI CHEREHANI KWA KUFUATA NUSU YA MKAKATI WENU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani wa nguo za kiume. Chumba changu cha kazi kina mlango wa kioo na kiko ghorofa ya chini ya jengo la maduka, katikati ya kinyozi na ngazi. Lugha ya maandishi nimejifundisha mwenyewe, kwa kusoma barua ambazo wateja husahau mifukoni mwa makoti. Hivyo naomba uniwie radhi endapo baadhi ya aya zangu zitanukia pasi.

Dhumuni la waraka huu ni kulalamika rasmi na kwa adabu, kisha kuomba uamuzi wako juu ya jambo lililoniacha na cherehani moja, ndoo ya makufuli, na ukimya mkubwa chumbani.

Chanzo cha yote ni jarida lililosahauliwa na mteja. Ndani yake nilikuta makala ndefu kuhusu kampuni yako. Iliandikwa kwamba ninyi hutengeneza mashine na mfumo endeshi wake kwa mkono mmoja, kwamba mfumo huo hamumpi mtengenezaji mwingine, kwamba vyombo vyenu havifunguliwi ovyo na mafundi wa mitaani, na kwamba mteja akishaingia kwenu huwa hatoki, na bado hushukuru. Niliisoma nimesimama, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Chini ya ukurasa iliandikwa kwamba makala inaendelea ukurasa unaofuata. Ukurasa unaofuata haukuwapo. Niliona nilichosoma kinatosha mtu mwenye akili kama zangu.

Kabla sijaorodhesha malalamiko, sina budi kumtambulisha mke wangu, ambaye humu nitamwita Fundi Mwenza kwa sababu za kiofisi. Katika kazi yetu yeye hukata, mimi hushona. Kila nguo niliyowahi kutoa ilianzia kwenye karatasi zake za kukatia, yaani magazeti, kalenda zilizopitwa na mifuko ya saruji, alivyovikata kwa umbo la mgongo, mkono na kola, akavitundika kwenye msumari mmoja ukutani. Fundi yeyote wa jengo hili akitaka kuazima, huazima. Jina la Fundi Mwenza haliko popote. Jina langu liko kwenye lebo, kwa uzi wa dhahabu.

Sasa malalamiko yenyewe:

1. Kuhusu kuunganisha kila kitu. Kwa kuwa kwenu mashine na mfumo ni kitu kimoja, nami nilitangaza kwamba suruali yangu haitavaliwa ila na shati langu, na ili pasiwe na udanganyifu nikavishona pamoja kiunoni. Mteja wa kwanza, karani wa posta, aliingia ndani ya nguo hiyo kwa kutanguliza miguu kolani. Alipofanikiwa kusimama aliniuliza, "Fundi, na nikitaka kufua shati tu?" Nilimjibu kwamba maswali ya aina hiyo ni ya watu wa zamani.

2. Kuhusu mifuko. Makala ilieleza jinsi mlivyopunguza matundu ya kuchomekea nyaya kwenye mashine zenu, na watu wakanunua viunganishi pembeni bila kinyongo. Nami nikaziba mifuko yote, kisha nikauza mfuko peke yake ndani ya boksi jeupe. Haki ya Mungu, boksi lilipendwa. Mpaka leo kinyozi jirani yangu anahifadhi nyembe zake humo. Mfuko uliokuwa ndani sijui aliupeleka wapi, na sijapata ujasiri wa kumuuliza.

3. Kuhusu kufuli. Suruali ya kawaida hufungwa kwa kifungo, na kifungo kikikatika mtu yeyote aweza kukirudishia, hata mwenye suruali. Niliona hapo ndipo mteja anapovuja. Nikaondoa vifungo, nikaweka kufuli dogo la begi la safari, na ufunguo nikaubakisha dukani chini ya ulinzi wangu. Mteja angepita asubuhi kufungwa na jioni kufunguliwa, na katikati angeishi kwa imani.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliishi kwa imani hadi katikati ya mkutano wa wazazi, alipopatwa na haja isiyokubali kuahirishwa. Mimi nilikuwa nimetoka kununua uzi, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu, kwani nguo zangu mwenyewe nilikuwa bado sijaziboresha. Mwalimu huyo anasifika kwa lugha safi. Siku ile nilimsikia tangu barabarani:

"Yuko wapi huyo mwehu wako, mama? Nifungulie, nakufa!"

Na kinyozi, badala ya kukimbilia koleo, akawa anampepea kwa taulo: "Vumilia, Mwalimu. Si wewe unayewaambia watoto hakuna kutoka mpaka kengele ilie?"

Hatimaye Fundi Mwenza alikata ukanda wote wa suruali kwa mkasi wake mkubwa, na mwalimu mkuu akapita mbio kuelekea uani. Nilipofika nilimngojea kwa heshima mlangoni, nikamjulisha kwamba kwa kitendo hicho dhamana ya suruali imekufa. Mheshimiwa, hakunijibu kwa maneno.

4. Kuhusu kuondoka kwa Fundi Mwenza. Aliniambia, mkasi ukiwa bado mkononi: "Baba, mimi nakata nguo za watu kuvaa. Wewe unashona jela." Akabeba cherehani yake, akang'oa na msumari, akahamia chumba kilicho wazi upande wa pili wa korido. Nyumbani tunaendelea kuishi na kuzungumza, lakini ni habari za watoto na bomba linalovuja. Nikigusia mambo ya kazi husema, "Hilo peleka ofisini." Ofisini nako mlango wake una foleni.

Mwanzoni sikutishika. Nilikuwa na lebo, nilikuwa na maboksi, na kuta nilishazipaka rangi nyeupe. Kisha akaja bwana mmoja mgeni na kitambaa cha koti. Nikanyoosha mkono ukutani kama nilivyozoea, na vidole vikagusa tundu la msumari. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mimi, mwenye lebo ya uzi wa dhahabu, sijui mgongo wa binadamu una umbo gani. Nilikata kwa kukisia. Koti lilitoka na mikono miwili ya kushoto. Yule bwana alilivaa, akajitazama kwenye kioo kwa muda, akaniuliza kwa upole kama nina mgonjwa nyumbani.

5. Kuhusu mizizi, na hili ndilo lalamiko kuu. Nilimtuma kinyozi anikopee karatasi ya kukatia mkono wa koti. Fundi Mwenza aliitoa papo hapo, kama anavyompa mtu yeyote. Kinyozi, ambaye tangu nipake kuta rangi nyeupe huniita Mkurugenzi, akaniletea pamoja na ujumbe: "Mkurugenzi, kasema utumie, urudishe, na usiipige lebo."

Nilipoitandaza mezani nilikuta ni ule ukurasa uliokosekana jaridani, umekatwa kwa umbo la mkono.

Nikausoma kuanzia begani kuteremka. Kumbe chini ya mfumo wenu mzuri kuna mfumo mwingine, mzee kuliko kampuni yenu. Kumbe ulianzishwa na watafiti wa kampuni nyingine kabisa, ukaendelezwa na wasomi wa chuo kikuu waliougawa pamoja na maelezo ya jinsi ulivyofumwa, kila mwenye haja achukue na kuongeza chake. Kumbe mmoja wa waanzilishi wenu aliondoka kwa ugomvi, akafungua kampuni yake upande wa pili, na akajenga juu ya mizizi hiyo hiyo. Na kumbe mfumo wenu wa awali ulipochakaa, nanyi mkashindwa kubuni mwingine, mlikwenda kuinunua kampuni yake ili mpate mfumo wake, naye akarudi kwenu akiwa...

Hapo karatasi inapinda kwa ajili ya kwapa, na maneno yamekatika.

Mheshimiwa, malalamiko yangu ni haya: habari ya ukuta mliruhusu iwekwe ukurasa wa mbele, na habari ya mizizi ikawekwa nyuma, mahali ambapo mkasi wa mke wa mtu unaweza kuifikia. Mimi nilijenga ukuta. Nilipomaliza kuujenga, mizizi ilikuwa nje, upande wa pili wa korido, inakata suti ya mwalimu mkuu.

Naongeza jambo moja ambalo halikustahili namba. Cherehani zetu mbili zilizoea kushindana kwa mlio. Yake ikisimama, yangu nayo ilisimama, tukainua vichwa kwa pamoja, mmoja akasema jambo lisilo na maana. Sasa yangu husimama, nami huinua kichwa na kutazama rangi nyeupe.

Makufuli nimeyaondoa yote. Shati na suruali nimevitenganisha. Ninachokosa ni yale maneno ya kwapani. Kumnunua siwezi, kwa kuwa wateja wako kwake na mimi nina maboksi. Kwa hiyo naomba unipatie uamuzi wa maandishi: yule bwana wenu aliporudi, alirudi akiwa nani? Mfanyakazi, mbia, au mkuu wa wote? Na ninyi mliokuwa mmebaki ndani, mlipomwendea mlangoni, neno la kwanza mlisema lipi?

Nifikishie salamu kwa wahandisi, kwa wabunifu wa maboksi, kwa walinzi wa geti, kwa wafagiaji, na kwa kila mmoja hapo ambaye anafanya kazi chumba kimoja na mwenzi wake. Huyo wa mwisho msalimie mara mbili.

Ni mimi ninayesubiri kwa heshima, ufunguo mkononi na hakuna cha kufungua,

Fundi wa Mlango wa Kioo.

Baada ya sahihi: Barua hii niliiandika kwa mkono nikitaraji kuichapa kwenye kompyuta niliyoinunua kwenu, lakini tangu asubuhi inajisasisha na haitaki kuguswa. Nikalazimika kuvuka korido, kwa kuwa Fundi Mwenza ana kompyuta ya washindani wenu, iliyokwishatumika, yenye matundu pande zote. Aliichapa mwenyewe, akanisahihishia aya mbili, hadi alipofika kwapani. Hapo alicheka mpaka kinyozi akaja na povu la mteja mkononi kuuliza kuna nini.

Kumbe makala yote aliisoma kabla ya kuikata. "Alirudi kama mshauri tu," akaniambia, "akaishia kuwa bosi wao wote. Na wewe utaanzia kwenye vifungo. Kaa hapo."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, uamuzi umekwisha kutolewa na mamlaka husika, na naomba barua hii ipuuzwe yote, pamoja na lalamiko kuu. Nimekaa hapo. Cherehani yangu wanaileta jioni.

Endapo nakala yako itakufikia ikiwa na umbo la kola, ujue ni kwa sababu nyuma yake ilikuwa nyeupe na karatasi ilikuwa nzuri. Tafadhali ukishaisoma irudishe haraka. Kuna fundi wa ghorofa ya pili ameomba kuiazima.