Siki Yenye Jina Langu

Jumatatu, 3 Juni

Simu imelia tukiwa mezani! Bibi Argia hapokei simu akila, hata kama nyumba inaungua. Nimepokea mimi. Bi Tencati wa Milano! Mwenyewe! Sauti nyororo, isiyo na haraka, kama mtu ambaye hajawahi kuachwa na basi.

Bi Tencati hupanga safari za matajiri. Huwaleta huku kwetu Modena kula na kunywa tu. Wanapanda magari ya zamani yaliyong'arishwa. Wanavunjiwa jibini zima mbele ya macho yao. Wanamiminiwa divai nyekundu yenye povu iliyopozwa kisimani. Na siku moja wanakula chakula cha mchana katika nyumba ambayo siki nyeusi ya zabibu inalala mapipani darini miaka na miaka. Nyumba moja tu. Ama yetu, ama ya akina Vandelli ng'ambo ya mizabibu. Anakuja Jumamosi kutazama zote mbili.

Nimemweleza Bibi. Akamaliza supu yake kwanza. Kisha akasema aje tu, ngazi ipo.

Bibi hauoni uzito wa jambo hili. Mimi nauona. Tukichaguliwa, atatakiwa mpishi kuanzia Julai hadi Oktoba. Mpishi huyo ni Mama. Mama anapika hotelini Rimini, huondoka Mei na kurudi Septemba, na wakati wote huo namwona kwenye simu tu, nyuma yake yananing'inia masufuria ya watu wengine.

Kwa hiyo lazima tuchaguliwe. Nimeanza kupanga.

Jumanne, 4 Juni

Nimekipata kijitabu cha Bi Tencati kwa msusi. Kizuri mno! Nimekisoma hadi nimekikariri. Vitanda vyenye mashuka ya kitani. Meza chini ya mtini. Na kila ukurasa, lavenda, yale maua ya zambarau yanayonukia! Mashuka yananukia lavenda, taulo zinanukia lavenda, hata punda amepigwa picha karibu na lavenda. Nimepigia mstari. Matajiri wanapenda lavenda.

Alasiri nimekwenda kwa akina Vandelli kurudisha sinia ambalo hawakulidai. Mlango kafungua Camilla, tunayesoma naye darasa moja, nywele zikitiririka maji ya bwawa lao la kuogelea. Akasema, "Karibu, mpelelezi." Nikasema nimeleta sinia. Akasema sinia si lao, ila niingie tu, kwani si ndicho kilichonileta?

Wana lifti! Lifti ya kupandia darini kwenye siki! Na mapipa yao yamefunikwa vitambaa vyeupe vilivyotariziwa, kama madhabahu ya Pasaka. Camilla akauliza eti ni kweli mapipa yetu yamefunikwa kwa chupi za marehemu babu yangu. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba si kweli. Ni fulana zake za ndani.

Amecheka mpaka kakaa chini.

Nimerudi nyumbani na kupanda darini kwetu, nikayatazama mambo kwa macho ya tajiri. Safu tatu za mapipa, kila safu kuanzia kubwa hadi dogo. Moja imeandikwa Argia, moja Iride, ambaye ni Mama, na moja Delfina, ambaye ni mimi. Babu Ermes alianzisha yangu vuli niliyozaliwa, kwa maji ya zabibu zetu aliyoyachemsha siku nzima uani. Jina kaliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe. Herufi zimeinama kidogo. Juu ya kila pipa kuna tundu, juu ya tundu kipande cha fulana ya Babu, juu ya fulana jiwe la mtoni. Joto la kiangazi huipika siki, baridi huilaza. Nazipenda sana safu hizi. Lakini zile fulana, jamani! Zina madoa meusi pembeni.

Siki yangu imepita miaka kumi na miwili. Sheria inaruhusu ionjwe. Bibi haruhusu. Kila nikiuliza, jibu lake ni moja: bado.

Na ana kanuni yake. Kitu chenye harufu hakipandi darini. Padri aliacha kiko chake ngazini. Shangazi aliyejipulizia manukato hakupanda kabisa, na ilikuwa Krismasi.

Jumatano, 5 Juni

Nimefikiri vizuri. Kanuni inakataza harufu. Haikatazi usafi. Usafi si harufu.

Bibi amekwenda sokoni kuuza cheri. Nimepanda, nimevua mapipa yote fulana, nimefunika matundu kwa visahani vya kahawa. Nimefua. Sabuni ya lavenda, ile ya zawadi, iliyokuwa haijafunguliwa. Madoa yametoka! Nimeanika, nimepiga pasi, nimerudisha kila moja mahali pake. Mawe pia nimeyasugua.

Ni maridadi kabisa! Lifti hatuna, lakini sasa tuna weupe. Bibi hupanda darini Jumapili tu, baada ya kanisa, kwa sababu ya magoti. Jumamosi ataona pamoja na mgeni. Atashangaa kwa furaha.

Alipouliza mbona mikono yangu imekunjamana, nimesema nilikuwa naosha vitu. Si uongo.

Alhamisi, 6 Juni

Msiba!

Nimepanda kuangalia. Jua limekaa juu ya vigae tangu asubuhi. Dari zima ni lavenda. Si ile ya kijitabuni, inayopita kwa adabu. Hii imekukalia kifuani! Nimeinama juu ya pipa langu dogo kabisa, ambalo siku zote hunuka zabibu kavu na moshi na kitu kama ngozi ya kiatu kipya. Lavenda.

Nimefungua madirisha. Nimepunga shuka. Nimeketi ngazini nikafikiri kwa bidii. Nikakumbuka Bibi alipopaka rangi chumba cha Mama, alikata kitunguu akakiacha humo usiku kucha, kikanywa harufu yote.

Kama kitunguu kimoja kilitosha chumba, dari linataka kumi na viwili. Nimeviweka nusu nusu, kati ya pipa na pipa.

Jioni Bibi akauliza nani kala vitunguu vyake. Nimesema vinafanya kazi.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya mwisho shuleni. Mwalimu kanisifu kwa bidii na nidhamu. Laiti angejua!

Dari sasa linanuka lavenda na vitunguu. Havikunywa kitu. Vimeketi tu vikachangia.

Bibi alipojilaza mchana nimeteremsha tena zile fulana na kuzichemsha kwa maji matupu. Nimezitandaza juu ya ua wa miti ili zikauke upesi. Upepo ukaja. Fulana moja ikaruka, ikavuka mizabibu yote, ikatoweka.

Baada ya muda katokea Camilla, ameshika kitu kinachochuruzika. "Babu yako kaja kuogelea kwetu," akasema. "Hakupiga hata hodi."

Nilitaka kukasirika. Nikalia. Nimemweleza yote, hata habari ya Mama. Nilitegemea atakwenda kutangaza kijiji kizima. Badala yake kapanda nami darini, akasimama mbele ya jina langu akaligusa kwa kidole. Akasema mapipa yao baba yake aliyanunua kwa mjane mmoja. Yameandikwa Clementina. Hawajui Clementina ni nani. Kila akipanda na ile lifti anajiona kama kaingia chumba cha mtu bila ruhusa.

Kwa mara ya kwanza sikuionea wivu lifti.

Kisha akanusa akasema, "Lakini, Delfina, mwenzangu, humu kunanuka kabati la bibi harusi aliyepikwa pamoja na vitunguu." Tumecheka hadi tumeshikana. Tumetoa vitunguu, tumerudisha fulana. Hakuna tena la kufanya. Labda Bi Tencati ana mafua.

Jumamosi, 8 Juni

Hana mafua.

Alikuja kwa miguu kutoka kwa akina Vandelli, viatu vina vumbi. Nilitarajia mikufu. Hakuwa hata na rangi ya mdomo, wala tone la manukato. Nimempenda papo hapo. Anatazama kitu kama anakisikiliza. Alisimama muda mrefu mbele ya mti wetu wa peasi, ambao mimi hupita tu.

Tukapanda. Bibi mbele na ufunguo, mgeni katikati, mimi nyuma na moyo wangu. Bibi akafungua mlango. Akasimama. Pua yake ikainuka. Pua ya Bi Tencati nayo ikainuka. Pua mbili!

Bibi akageuka polepole akauliza, "Nani kamfua Ermes?"

Nikasema mimi. Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyoituma.

Akauliza, na vitunguu? Nikasema mimi pia.

Bibi akamwambia mgeni kwamba amsamehe, leo hakuna siki itakayoonjwa darini. Akaanza kufunga mlango. Na mimi nikasahau adabu zote nilizofundishwa. Nikamwambia, Bibi, nakuomba, katoka Milano! Tone moja tu la Delfina! Tone moja, ili Mama arudi!

Bibi akanishika bega. Akamwambia Bi Tencati, "Siki hii na huyu mtoto ni rika moja. Kama unavyoona, mama, wote wawili hawajaiva." Kisha akafunga, akatia ufunguo mfukoni, akasema supu inapoa.

Ilikuwa tortellini, vifuko vya unga vyenye nyama ndani. Bibi alizikunja alfajiri, ndogo kama kucha ya kidole cha mwisho, ndani ya supu ya kuku inayong'aa kama dhahabu. Siku ya joto vile! Mimi nilikuwa nadondosha machozi sahanini. Bi Tencati alikula mpaka mwisho. Akaongezwa. Akala tena mpaka mwisho. Bibi akamweleza habari za zile fulana: Ermes alizivaa mavuno arobaini, zikafuliwa kwa maji ya mvua na majivu, mpaka pamba ikasahau kila harufu ya dunia. Ndiyo maana akazichagua ziilinde siki. Hata Bibi mwenyewe akizinusa, hampati Babu humo.

Sikuwa najua. Nilidhani ni ubahili.

Ndipo Bi Tencati akaweka kijiko. Akasema wageni wake wamezunguka dunia nzima na kila mlango hufunguliwa kabla hawajabisha. Wakitaka divai ya miaka hamsini, inafunguliwa. Wakitaka kuonja pipa la babu wa babu, wanaonjeshwa. Hakuna aliyewahi kuwaambia neno hili: bado. Akamwuliza Bibi kama angeweza kuwaambia hivyo, kama alivyomwambia yeye, bila kutabasamu.

Bibi akasema huyu mjukuu anaambiwa hivyo kila siku, na bure.

Tumechaguliwa! Sisi! Wageni watapanda darini harufu ikishapungua. Wataonja siki ya Argia na ya Iride. Watasimamishwa mbele ya Delfina, watatazama, na Bibi atawaambia: bado. Kisha watateremka kula.

Nimeuliza kwa upole, na mimi nitaionja lini?

Bado.

Jumapili, 9 Juni

Nimempigia Mama. Amepiga kelele hadi sufuria ikaanguka huko Rimini. Mwisho wa mwezi anarudi!

Bibi kapanda na magoti yake, akanusa tundu moja baada ya jingine. Amesema siki haikuumia, hewa tu ndiyo iliyolewa, na baridi itamaliza yaliyobaki. Tumekata shuka kuukuu tukafunika mapipa. Fulana za Babu zimetundikwa kwenye mpeasi, mvua na jua, mpaka zisahau tena. Zinapunga mikono upepo ukija.

Camilla kaja kutupongeza. Mama yake kanuna, yeye hakununa. Bibi kampa mkate wa kukaanga na paja la nguruwe lililokaushwa, akamwambia akianzisha safu yake mwenyewe vuli hii, maji ya zabibu atachota kwetu. Camilla akamkumbatia Bibi, mkate ukiwa mkononi. Haijawahi kutokea.

Jumamosi, 29 Juni

Mama yupo! Amelala chumba cha pili na anakoroma, na sijasikia muziki mzuri kama huo tangu Mei. Asubuhi alikunja tortellini na Bibi, wakigombana kuhusu unene wa unga uliosukumwa. Meza imewekwa chini ya mpeasi. Kijitabu kizima hakina picha nzuri kama ile.

Nimekaa nikatafakari yaliyopita, kama mwalimu alivyotuasa. Jambo liko wazi. Nisingefua, dari lisingenuka. Lisingenuka, Bibi asingefunga mlango. Asingefunga, Bi Tencati angeonja, angeshukuru na kwenda zake kwenye lifti. Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa mzuri tangu mwanzo. Sabuni tu ndiyo iliyokuwa kali.

Wageni wa kwanza wanafika Alhamisi. Nimekagua kila kitu. Vitambaa vya meza, vile vya harusi ya Bibi, vimeingia rangi ya manjano kwenye mikunjo. Bibi anasema viachwe, ndivyo vilivyo. Lakini kabatini imebaki sabuni nyingine ya zawadi, haijafunguliwa. Ni ya waridi.

Waridi si lavenda.

Na Jumatano Bibi anakwenda sokoni.